Mgonjwa wa Zamu

Aliyepanda Wodi ya Juu kwa mara ya kwanza alidhani Faraji ni mhudumu. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Alibeba ndoo za uji pamoja na mhudumu Alphonce, akawapanga wenzake foleni ya dawa, na mgonjwa mgeni akianza kupiga kelele usiku, yeye ndiye aliyeketi naye sakafuni mpaka atulie. Ilibidi uambiwe ndipo ujue kwamba naye alikuwa mgonjwa, na kwamba aliletwa pale kwa karandinga, gari la magereza, akiwa na pingu, kwa sababu ya kumuua kaka yake.

Wodi ile ilikuwa ya wagonjwa wa mahakama, katika hospitali moja ya serikali huku milimani. Waliolazwa humo walikuwa wametenda makosa, mengi ya kumwaga damu, na mahakama ikaona kwamba siku ile hawakuwa na akili timamu. Hawakufungwa, wala hawakuachiwa. Waliletwa watibiwe, na kutoka kwao kulingoja kibali cha wizarani. Wodi ilijengwa kwa vitanda arobaini. Mwaka huo ilikuwa na watu karibu tisini, wengi wakilala wawili wawili, kichwa huku miguu kule. Wauguzi walihesabiwa kuwa sita. Mmoja alikuwa masomoni, mwingine likizo ya uzazi, na wa tatu alihamishiwa wodi ya wazazi kwa muda, na muda wenyewe haukuisha. Waliobaki waligawana usiku na mchana. Zamu nzima mara nyingi ilikuwa nesi mmoja na mhudumu mmoja.

Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Mwanaheri, Mshambaa wa upande wa Soni, mwanamke mwembamba asiyependa kupaza sauti. Alphonce, mhudumu, alizaliwa kwenye kambi za mashamba ya chai. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kuchuma chai wakabaki. Alikuwa na kifua kipana na moyo mwepesi wa kucheka, na wagonjwa walimpenda. Lakini Alphonce mwenyewe alikiri kwamba bila Faraji asingekaa pale hata mwezi.

Kwao Faraji ni kijiji cha Mgwashi. Baba yao alipofariki, Faraji aliacha kulala, akaacha kuoga, akawa anajibizana na sauti alizozisikia yeye peke yake. Watu walisema ni majonzi. Walimpeleka kwa mganga mmoja wa mitishamba, kisha kwa mwingine. Sauti zikamwambia kwamba Saidi, kaka yake mkubwa, anataka kumzika hai katika shamba la viazi ili arithi peke yake. Siku moja walipokuwa wakilima, Saidi alimwambia achimbe mfereji. Faraji alimpiga kwa jembe. Kisha akaketi pembeni mpaka watu walipokuja.

Alipoletwa Wodi ya Juu ilichukua miaka miwili sindano na vidonge kumrudisha. Akili ilipomrudia, akajua alichokifanya. Mwanaheri alikuwepo wiki ile. Hakupenda kuisimulia.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka mitano ya utulivu. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dokta Lucy, alipanda mlimani mara chache kwa mwaka, maana mikoa mitatu ilimtegemea yeye. Kila alipokuja aliwaona wagonjwa mpaka giza linaingia, na bado wengine walibaki bila kuonwa. Safari hii alimwita Faraji, akaongea naye muda mrefu, kisha akamgeukia Mwanaheri.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anangoja taarifa ya nyumbani, daktari. Bila mtu wetu kwenda kuiona familia, wizara haitoi kibali."

"Na kwa nini hakuna aliyekwenda?"

Mwanaheri alinyoosha mkono kuelekea wodini. Alphonce alikuwa akiwavua mashati wagonjwa waliojitapikia. Nyuma yake Faraji alikuwa akipiga deki. Dokta Lucy akatazama.

"Nitakwenda mwenyewe siku yangu ya mapumziko," Mwanaheri akasema.

Alikwenda Jumamosi. Alipanda bodaboda kutoka Bumbuli, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, na kabla ya kufika alisimama kwenye zahanati kuuliza jambo moja. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya matuta ya kabichi. Bi Hawa, mama yake Faraji, alikuwa barazani akichambua maharage kwa kupapasa, maana macho yalishaanza kuingia ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako siijui."

Mwanaheri alijitambulisha. Bi Hawa aliacha maharage. Akaita kwa Kishambaa, na kutoka shambani akapanda mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, miguu imejaa udongo mwekundu. Huyu alikuwa Mwanamisi, mjane wa Saidi. Tangu mumewe afariki hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, akilea watoto watatu.

"Shikamoo dada," akamwambia Mwanaheri, akaketi kwenye ngazi. "Mmekuja kwa ajili yake."

"Ndiyo. Daktari anasema anaweza kuruhusiwa. Nimekuja kuwasikia."

"Amepona?"

"Ugonjwa wake hauishi kama malaria, mdogo wangu. Unatulizwa. Umetulia miaka mitano sasa kwa sababu anachomwa sindano kila mwezi."

"Na hapa atachomwa na nani?"

Mwanaheri alikuwa amejiandaa kwa machozi na kwa matusi. Badala yake aliulizwa swali lilelile aliloliuliza zahanati.

"Zahanati yenu haina sindano hiyo. Nimepita kuuliza. Hawajawahi kuletewa."

"Akianza tena, nani atajua?"

"Wa kwanza kujua ni watu wa nyumbani. Ataacha kulala. Atajitenga, ataongea peke yake."

"Watu wa nyumbani ni mimi," Mwanamisi akasema. "Mama haoni. Wanangu ni wadogo. Kwa hiyo ninyi huko manesi hamtoshi, sasa mnataka mimi niwe nesi. Nesi wa mtu aliyemuua mume wangu. Nilale naye ukuta kwa ukuta, nisikilize kama amelala."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini daraja fulani halipitiki. Mwanaheri alitazama viatu vyake. Kila alichoambiwa kilikuwa kweli.

"Simchukii," Mwanamisi akaendelea. "Mwanzoni nilimchukia. Siku hizi hata nafasi hiyo sina. Najua hakuwa yeye. Lakini hapa asije."

Bi Hawa akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi nitahama mimi," akasema.

"Uhamie wapi, mama?"

"Zirai. Kwa ndugu yangu Omari. Ana shamba la iliki na watoto wake wote wamekwenda Tanga. Ameniambia mara nyingi, mlete mpwa wangu nikae naye. Kituo cha afya hakiko mbali."

Mwanamisi alimtazama kana kwamba amepigwa. "Na wajukuu? Nikienda gulioni nani anabaki nao? Mama, mimi nimebaki hapa kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu. Lakini nilizaa wavulana wawili. Mmoja yuko pale nyuma ya nyumba, nimekaa naye miaka yote hii, kila asubuhi namsomea Fatiha. Niache sasa nikakae na yule mwingine, kabla macho hayajazima kabisa."

Mwanamisi alisimama akaingia ndani. Walimsikia akisogeza sufuria bila sababu. Alipotoka alikuwa na chai, akammiminia Mwanaheri kikombe kizima, akamwekea na viazi vya kuchemsha.

Mwanaheri aliporudi hospitalini jioni, alimkuta Alphonce kwenye benchi la wodi ya majeruhi, mkono umefungwa plasta.

Karandinga ilifika mchana ule ikiwa na wagonjwa wanne wapya kutoka mahabusu. Nesi wa zamu alikuwa akiwapokea mlangoni, Alphonce akabaki peke yake ndani. Mmoja wa wale wapya, kijana mkubwa wa mwili ambaye hakuwa amepata dawa kwa wiki nyingi, alimrukia kwa nyuma, akamkaba, wakaanguka wote kwenye saruji. Mfupa wa mkono ukavunjika. Faraji ndiye aliyemwondoa yule kijana, polepole, akimsemesha Kishambaa sikioni, akamweka ukutani na kumshika mpaka sindano ilipokuja.

"Angeniua, sista," Alphonce akasema. Safari hii hakucheka.

Jumatatu Mwanaheri aliitwa na katibu wa afya wa hospitali, Bwana Yeremia. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama wodini, na Mwanaheri aliona kwamba pazia lilikuwa limefungwa.

"Pole na safari. Nimesikia familia imemkataa."

"Shemeji yake amekataa. Mjomba wake anamtaka, na mama anahamia huko. Nimempigia mjomba simu, nimekipigia na kituo cha afya. Sindano wanayo."

Yeremia alivua miwani. "Sista, mimi si mtu mbaya. Kila mwaka naomba watumishi wa wodi ile, kila mwaka naambiwa subiri ajira mpya. Alphonce hatainua kitu miezi miwili. Faraji akitoka, mle ndani anabaki nani?"

"Hilo ni swali letu, si la Faraji."

"Sikuambii uandike uongo. Andika tu kwamba shemeji amekataa na familia bado inajadiliana. Hiyo ni kweli. Wizara italiweka faili pembeni mwaka mmoja, sisi tutakuwa tumepata watu."

"Bwana Yeremia, hizo ajira mpya nilizisikia mara ya kwanza nikiwa na mtoto mgongoni. Sasa yuko kidato cha pili."

"Fikiria tu," Yeremia akasema. "Mtu akifa mle ndani, nitakuja kuulizwa mimi, na wewe."

Na Mwanaheri alifikiria kweli. Isingekuwa kazi ngumu. Maneno mawili matatu, yote ya kweli, na Faraji angebaki, na zamu ya usiku ingeendelea kuwa na mtu wa tatu. Aliiona plasta ya Alphonce. Alijiona mwenyewe kwenye ukumbi ule mrefu, peke yake na watu tisini. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Alasiri alimkuta Faraji nyuma ya wodi akianika mashuka. Alimweleza yote bila kupunguza: mama, mjomba, Zirai.

"Shemeji amesemaje?"

"Amesema usije kwake."

Faraji aliitikia kwa kichwa. "Ana haki." Alilikunjua shuka jingine, akalinyoosha kwenye kamba. "Yule kijana aliyemvunja Alphonce bado hajatulia. Nikiondoka nani atamshika?"

"Hilo si lako."

"Limeshakuwa langu, sista. Mmeliacha likawa langu."

Mwanaheri alichukua shuka lililobaki akamsaidia kulianika.

"Humu ndani," Faraji akasema, "kila mtu ana lake. Hakuna anayenitazama mara mbili. Huko nje watanijua."

"Watakujua, ndiyo."

"Watoto watakimbia."

"Wengine watakimbia."

"Sasa niende kufanya nini?"

"Sijui, Faraji. Mama yako ameshafunga mizigo. Hilo ndilo ninalolijua."

Faraji alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili akainamisha kichwa, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwanaheri aliangalia pembeni, kwenye mlima wa pili, ambako watu walikuwa wakivuna karoti. Alipomrudia, Faraji alikuwa amejifuta uso.

"Andika," akasema.

Mwanaheri aliandika taarifa siku ileile, akataja kukataa kwa Mwanamisi na sababu zake zote, na akataja Zirai. Dokta Lucy akaongeza maoni yake. Kibali kilichukua masika yote kufika.

Katika muda huo wa kungoja, karandinga ilipanda tena, ikiwa na wagonjwa watano. Alphonce alikuwa bado nyumbani. Mwanaheri alitoka mpaka getini, akamwambia askari magereza kwamba hawapokei.

"Ni amri ya mahakama, mama."

"Najua. Lakini hapa nasaini kwamba nimewapokea na watakuwa salama. Leo niko mimi na watu tisini. Siwezi kusaini."

Askari alipiga simu, mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akaja akiwa na hasira, Yeremia akaja nyuma yake. Walibishana pale getini, wagonjwa wakiwa wamekaa ndani ya gari kwenye joto. Mwishowe wawili waliokuwa hali mbaya zaidi walishushwa na watatu wakarudishwa mahabusu. Mwanaheri alipewa onyo la maandishi. Wiki ileile nesi aliyehamishiwa wodi ya wazazi alirudishwa, na mwezi uliofuata akaletwa nesi mpya kutoka wilaya nyingine, msichana shupavu aitwaye Dorkasi. Watu walimpongeza Mwanaheri. Yeye alikuwa akiwawaza wale watatu, hasa mzee mmoja aliyekuwa akimpungia mkono kupitia wavu wa gari lilipokuwa likigeuza. Aliuliza habari zake mara kadhaa. Aliambiwa amehamishiwa gereza jingine, basi.

Siku ya Faraji kuondoka, gari la hospitali lilikuwa linakwenda Muheza kuchukua dawa, Faraji na Mwanaheri aliyemsindikiza wakapewa nafasi. Wagonjwa walikuja mlangoni. Mmoja alimpa kofia aliyoisuka kwa nyuzi za blanketi. Alphonce, mkono wake ukiwa mwembamba baada ya plasta, alimkumbatia akasema, "Sasa nani atanibebea ndoo?" na safari hii alicheka.

Walishuka mpaka bondeni, wakapita Korogwe, wakafika Muheza, kisha dereva akakubali kuwapandisha mlimani mpaka Zirai. Njiani huko Sigi, kwenye lango la hifadhi ya msitu, gari lilisimama kwa ukaguzi. Faraji alishuka akasimama kando ya mlango wa gari, hasogei.

"Vipi?" Mwanaheri akauliza.

"Nataka kwenda haja ndogo. Naruhusiwa?"

Dereva alitaka kucheka, akaona uso wa Mwanaheri, akaacha.

"Nenda tu, Faraji. Vyoo vile pale."

Alikwenda, akigeuka nyuma mara mbili.

Huko Zirai mjomba Omari aliwapokea kwa heshima, mzee mfupi mwenye mikono iliyonukia iliki. Bi Hawa alimshika mwanawe uso mzima, akaupapasa kuanzia paji mpaka kidevu. Kisha akamuuliza kama amekula.

Wodini mambo hayakuwa mepesi. Wiki za mwanzo wagonjwa walimwita kwa jina usiku. Mmoja alianza kutema vidonge na hakuna aliyegundua mpaka alipovunja dirisha na kujikata. Dorkasi alilia stoo, akatoka, akaendelea na zamu. Manesi walijifunza kukaa sakafuni na mgonjwa kama alivyokaa Faraji, lakini hawakuwa na muda aliokuwa nao yeye, maana nesi akikaa na mmoja, wengine wote walikuwa peke yao. Yeremia aliandika maombi mengine ya watumishi. Safari hii alieleza kwamba kazi hiyo miaka yote ilifanywa na mgonjwa. Alimwonyesha Mwanaheri kabla ya kuyatuma, naye Mwanaheri alisoma akamrudishia. Walipata mhudumu mmoja.

Mwanamisi alipata shida peke yake msimu ule. Likizo ya shule ilipofika aliwapeleka watoto Zirai kwa bibi yao. Aliwafikisha mpaka barabarani, akawakabidhi kwa mjomba Omari, akageuza na gari lilelile. Mwaka uliofuata alishuka, akanywa maji barazani, akamsalimia Faraji kwa mbali, naye akamwitikia bila kusogea. Hayo Mwanamisi alimweleza Mwanaheri kwa simu, kisha wakazungumza juu ya bei ya kabichi.

Mwanaheri mwenyewe alikwenda Zirai kumkagua Faraji baada ya msimu wa kwanza wa iliki. Kituoni walimwambia hajakosa sindano hata mara moja. Mwezi ambao dawa ilichelewa, alipanda gari mwenyewe mpaka Muheza kuifuata. Nyumbani alimkuta Bi Hawa peke yake.

"Faraji yuko wapi, mama?"

"Ametoka asubuhi."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Sikumuuliza. Shambani, au kwa mtu. Siku hizi haombi tena ruhusa. Atarudi. Kaa unywe chai."

Mwanaheri alikaa. Mvua ndogo ilipita ikaacha. Bi Hawa alimsimulia habari za magoti yake, za jirani aliyemwoza binti yake, za Omari ambaye siku hizi hanyamazi kwa kumsifu mpwa wake, ingawa wapo bado majirani wasiokubali kuketi naye benchi moja nje ya msikiti. Chai ikaisha, ikapikwa nyingine. Ilipofika saa ya kuwahi gari Mwanaheri aliaga, akamwachia salamu, akashuka njia ya udongo peke yake bila kumwona Faraji.